Ukirudi Lamu na jeraha la jeshi: karatasi, mwili, nyumba, kisha kazi

Mwanajeshi akiachishwa kazi kwa sababu ya jeraha, akarudi kwao Lamu au Malindi, wa kwanza kumjia huja na nia njema na wazo moja tu: awe soja wa lango. Hoteli ya Shela inatafuta mlinzi, bohari ya Mokowe inatafuta mlinzi, na kwa kuwa bwana huyu alivaa gwanda, basi ameshapata kazi. Mtu mwenye mguu mmoja anasimamishwa getini usiku kucha kwa sababu aliwahi kushika bunduki. Naipinga kazi hiyo, na si kwa kuwa ni duni. Naipinga kwa sababu humfikia mtu kabla hajatengeneza mambo yanayomwezesha kudumu kwenye kazi yoyote: karatasi, mwili na nyumba. Akiingia kazini hivyo, huacha baada ya muda mfupi, kisha mtaa mzima husema "ameshindwa".

Nimepanga hatua hizi kwa utaratibu ambao ningetaka uufuate. Nimemfikiria zaidi aliye kisiwani Lamu, maana huko ndiko kugumu. Wa Malindi ana lami, ana tuktuk, na safari ya Mombasa kwake ni ya asubuhi kwenda na jioni kurudi. Mahali hali inapotofautiana nitasema. Na kama wewe ni mke, mama au ndugu unayesoma kwa niaba ya aliyejeruhiwa, keti naye msome pamoja. Mipango inayofanywa nyuma ya mgongo wake hataifuata.

Hatua ya 1: Karatasi za jeshi

Kuna milango miwili, na wengi hudhani ni mmoja. Mlango wa kwanza ni wa jeshi: bodi ya madaktari wa jeshi ilikupima, ikaandika kwamba hufai tena kwa utumishi, na andiko hilo ndilo msingi wa pensheni yako. Mlango wa pili ni wa kiraia: Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu, NCPWD, ambalo hutoa kadi inayokufungulia nafuu ya kodi, vifaa na nafasi za kazi. Baraza halina faili lako la jeshi, na jeshi halitakuombea kadi ya Baraza. Lazima upite milango yote miwili, na ni heri uanze na ule wa jeshi, kwa sababu karatasi zake ndizo ushahidi wako kwenye ule wa pili.

Kusanya hizi: cheti cha utumishi na kuachishwa jeshi, ripoti ya bodi ya madaktari, barua ya pensheni au kiinua mgongo, na muhtasari wa matibabu kutoka hospitali uliyolazwa. Waliojeruhiwa Somalia tangu Operesheni Linda Nchi ilipoanza Oktoba 2011, au katika msitu wa Boni tangu operesheni ya 2015, wengi walitibiwa hospitali kuu ya jeshi Nairobi, Defence Forces Memorial. Muhtasari wa huko ni dhahabu. Unataja mifupa, mishipa, masikio na kichwa kwa lugha ambayo daktari wa Lamu ataielewa bila kukuuliza maswali mengi.

Kwenye ripoti ya bodi tafuta mambo mawili. La kwanza ni kiwango cha ulemavu walichokupa. La pili ni sentensi inayosema kama jeraha lilitokana na utumishi. Sheria haimtazami aliyekanyaga bomu la kutegwa barabara ya Milihoi sawa na aliyevunjika goti akicheza kandanda likizoni. Kama sentensi hiyo haipo, au imeandikwa kinyume na ilivyokuwa, andika barua ya kuomba marekebisho mapema, wakati wenzako walioshuhudia bado wanapatikana kwa simu.

Kisha linganisha majina. Hili huonekana dogo lakini limezuia malipo ya watu wengi wa pwani. Kitambulisho kinasema Mohamed, jeshi liliandika Muhammad. Jina la babu liko kwenye cheti cha kuzaliwa lakini halipo benki. Hati ya kiapo mbele ya kamishna wa viapo mara nyingi hulimaliza jambo hilo. Ifanye kabla hujaulizwa.

Ukiambiwa uende ukadai fidia chini ya sheria ya majeraha ya kazini, ile WIBA ya 2007, usipoteze nauli. Sheria hiyo inawahusu waajiriwa karibu wote, hata wa serikali, lakini imewaacha nje wanajeshi. Haki yako iko kwenye kanuni za pensheni za jeshi, na malipo hupitia Idara ya Pensheni ya Hazina ya Taifa. Pia ipo Sheria ya Wanajeshi Wastaafu ya 2022, iliyotungwa mahsusi kwa ajili ya kuwatambua na kuwatunza waliotumikia jeshi. Uliza Wizara ya Ulinzi namna ya kuingizwa kwenye sajili ya wastaafu, na ujiunge na chama cha wastaafu wa jeshi, DEFOCA. Faida kubwa ya chama ni wenzako: koplo aliyefuatilia faili lake miaka miwili anajua mlango gani wa kubisha kuliko mimi.

Kama ofisi imekaa kimya juu ya faili lako, andika ombi chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Taja nambari yako ya jeshi na karatasi unayoitaka. Ofisi ya umma inatakiwa kujibu ndani ya siku 21. Zikipita, malalamiko yanakwenda kwa Tume ya Haki ya Utawala, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Ombudsman. Barua inayotaja sheria kwa jina hujibiwa upesi kuliko simu kumi za kubembeleza.

Na karatasi zenyewe zilinde. Hewa ya chumvi na mchwa wa Lamu havijui heshima ya muhuri. Piga picha kila ukurasa, jitumie kwa barua pepe, na nakala ngumu iweke kwenye bahasha ya plastiki juu ya kabati, si chini ya godoro.

Hatua ya 2: Kadi ya ulemavu

Ombi huanzia eCitizen, kisha unapimwa na jopo la hospitali ya serikali iliyoruhusiwa kufanya tathmini ya ulemavu. Lamu ulizia King Fahd. Malindi ulizia hospitali ya kaunti ndogo pale mjini. Jopo halikai kila siku, kwa hiyo piga simu au tuma mtu aulize siku yao kabla hujavuka bahari kutoka Faza au Kizingitini. Ukitakiwa kulipa chochote, omba risiti.

Sasa nisikilize kwa makini, maana hapa ndipo wanajeshi hujiharibia wenyewe. Mmefundishwa kutolalamika. Daktari anauliza "Unaendeleaje?" nawe unakaza kifua na kujibu "Niko sawa, daktari." Naye anaandika: yuko sawa. Jopo linaandika kinachoonekana na kinachosemwa siku ile. Kwa hiyo nenda na orodha iliyoandikwa nyumbani, na isiwe ya siku yako nzuri. Iwe ya siku mbaya. Unaweza kusimama dakika ngapi kabla ya maumivu? Unaamka mara ngapi usiku? Ngazi za nyumba unazipandaje? Nani anakufunga viatu? Mwende na mtu anayeishi nawe, aruhusiwe kusema. Mke husema ukweli ambao mume ameuficha hata kwa nafsi yake.

Tena usiache majeraha yasiyoonekana. Mlipuko unaokata mguu huharibu pia masikio na mara nyingine kichwa. Mtu anafika amekatwa mguu wa kushoto, kila mtu anautazama mguu, na hakuna anayegundua kwamba sikio la kulia halisikii na kwamba hawezi kukumbuka alichoambiwa asubuhi. Kila tatizo liombee tathmini yake. Kiwewe nacho ni ulemavu kinapomzuia mtu kufanya kazi, na kina nafasi yake kwenye fomu.

Kadi ikitoka, mambo manne yanafunguka. Kuna msamaha wa kodi ya mapato kwenye shilingi 150,000 za kwanza za mwezi, ambao unaombwa peke yake na una cheti chake, nitaurudia mwisho. Kuna vifaa vya kujimudu na misaada ya kuanzisha biashara kupitia mfuko ulio chini ya Baraza. Kuna Mfuko wa Taifa wa Walemavu wa Kenya, ulioanzishwa 1980, ambao umezoeleka kwa kutoa vyombo vya kazi kama cherehani na vya useremala pamoja na viti vya magurudumu. Na kuna tovuti ya kazi ya Baraza, ambamo waajiri hutangaza nafasi.

Kuna pia msamaha wa ushuru wa gari lililotengenezwa kwa dereva mwenye ulemavu. Wa Malindi aufuatilie. Wa Lamu mjini atalipaki wapi, sijui.

Inua Jamii, ile shilingi 2,000 za kila mwezi, imelenga kaya maskini zenye mtu mwenye ulemavu mkubwa anayehitaji kuangaliwa wakati wote. Kama unapokea pensheni usiihesabu kwenye mipango yako.

Hatua ya 3: Mwili, bahari na mchanga

Mguu wa bandia uliotengenezwa Nairobi ulijaribiwa kwenye sakafu ya vigae. Lamu utakutana na mchanga wa Shela, kinyesi cha punda kilicholowa na ngazi za gati zenye mwani. Mambo machache hubeba uzito.

Chumvi hula vyuma. Kifundo kikilowa maji ya bahari, kifute siku hiyo hiyo kwa kitambaa kilicholoweshwa maji baridi ya kunywa, kisha kikaushe kabisa. Mchanga ukiingia kwenye kiungo utausikia ukisaga, usiendelee kutembea. Soksi ya kigutu ioshwe kila siku, maana joto la Machi hapa halina mzaha na jasho likikaa huzaa vidonda. Mafuta ya nazi pakaa usiku, baada ya kuvua. Ukipaka asubuhi kabla ya kuvaa, ngozi hulainika, mguu huteleza ndani ya ganda lake na kuchubua. Kigutu kikivimba au kikikonda, mguu haukufai tena na urekebishwe, usijazie matambara.

Marekebisho hayo kisiwani hayapatikani. Pa kwenda ni Mombasa: karakana ya viungo bandia ya hospitali kuu ya Pwani, au Chama cha Watu Wenye Ulemavu wa Viungo, APDK, kilichoanzishwa 1958, ambacho ndicho kilichojenga karakana za Bombolulu mwaka 1969. Bombolulu patembelee hata kama huna shida ya mguu siku hiyo. Utaona watu wenye ulemavu wakichomelea, wakishona ngozi na kutengeneza mapambo ya kuuza, wakiwa mafundi wanaolipwa. Kwa mtu aliyekaa mwaka mzima kwenye baraza akihurumiwa, ziara hiyo hufanya kazi kuliko mawaidha.

Ngazi zina kanuni moja: kupanda, mguu mzima hutangulia, kushuka, mguu wa bandia hutangulia. Kanuni ni hiyo hiyo gatini.

Kuhusu boti, panga safari kwa kufuata maji. Maji yakijaa, ubavu wa boti hukaribia usawa wa gati na unaweza kuketi ukingoni, ukapitisha miguu, kisha ukateleza ndani. Maji yakipwa, hasa wakati wa bamvua, siku ambazo maji hujaa na kupwa sana, unakuta ngazi nyingi za kushuka na nusu yake ni utelezi. Miadi ya hospitali au ya ofisi Mokowe iombe saa inayoafikiana na maji. Nahodha yeyote atakuambia saa hizo. Vaa jaketi la kuokolea hata kama wewe ni mtu wa Jeshi la Wanamaji uliyezaliwa Matondoni ukiogelea. Mguu wa bandia huvuta upande mmoja, na mwili uliouzoea wa zamani si huu. Kiti cha magurudumu kipakiwe mwisho, kimekunjwa na kufungwa kamba.

Kisha kuna barabara. Basi la kwenda Mombasa kutoka Mokowe hupita Milihoi na Nyongoro, sehemu ambako mabasi na magari ya vyombo vya usalama yameshambuliwa. Kwa abiria wengine ni vizuizi vya kuchosha tu. Kwa aliyejeruhiwa huko, moyo huanza kwenda mbio kabla basi halijafika. Wapo wanaokosa miadi ya hospitali miezi kadhaa na kusingizia nauli. Sema ukweli kwa mtu mmoja unayemwamini, safiri naye, keti mbali na dirisha, na mwambie mapema unachotaka akufanyie ukianza kutetemeka. Vivyo hivyo kwa fataki za harusi na milio ya ghafla usiku. Hospitali za kaunti zina maofisa wa afya ya akili, na kwenda kuwaona si aibu. Kama unapendelea kuanza kwa imamu au mchungaji wako, anza huko, lakini mwambie akusindikize hospitali pia.

Hatua ya 4: Nyumba

Kujitegemea huanzia chooni. Nasema hivi wazi kwa sababu familia nyingi huanza na sebule. Mtu anayeweza kwenda msalani na kuoga bila kuita mtu ana heshima yake mkononi, mengine yatafuata.

Nyumba za mawe za Lamu ni nzuri kwa kutazama na kali kwa magoti. Vidaraja vya ngazi zake vimenyooka kama ukuta, vyumba vya kulala viko juu, na mlango mkuu una kizingiti cha kuruka. Ukipewa kuchagua, chukua chumba cha chini hata kama kina giza na joto zaidi. Kuwa sultani wa ghorofani ambaye hashuki ni kifungo.

Chooni: kile cha kuchuchumaa kiwekewe kiti cha mbao au simenti chenye kimo cha sentimita 45 hadi 48, ili magoti yasikunjike mno. Kando yake weka nguzo ya kushika. Hapa Lamu tuna neema ya boriti za mikoko: nyoofu, ngumu, na hazihofii maji. Fundi azilaze ukutani kimo cha sentimita 85 hadi 90 kutoka sakafuni, zichimbiwe ndani ya ukuta na zisigongelewe misumari juu ya chokaa. Kabla hujamlipa, jining'inize kwa uzito wako wote. Sakafu isuguliwe simenti yenye mikwaruzo. Vigae vinavyong'aa vimevunja watu wengi kuliko ninavyoweza kukueleza.

Kwa kiti cha magurudumu pima mlango. Upana wa sentimita 80 ndio wa kupita bila kuchubua vidole. Milango ya nyumba za zamani ina mbao mbili, na mara nyingi watu hufungua moja tu. Fungua zote kabla hujaamua kubomoa.

Sasa daka, yaani baraza ya mlangoni. Maji ya kifuu ni bahari ya chungu, na kidaraja cha sentimita 30 kwa aliye kwenye kiti ni mlima. Kanuni ya mteremko ni moja kwa kumi na mbili: kwa kila sentimita moja ya kwenda juu, urefu wa sentimita 12. Kidaraja hicho kinahitaji mteremko wa mita 3.6, na uchochoro wa Mkomani hauna nafasi hiyo bila kumfungia jirani njia. Ukijaribu kuupunguza uwe mfupi na mkali, utaanguka kinyumenyume. Zipo njia mbili za kweli. Ya kwanza ni kukigawa kidaraja kuwa vidaraja viwili vifupi vyenye nguzo ya kushika, kwa anayeweza kusimama. Ya pili ni kuhamia nyumba ya pembezoni, Langoni juu au mitaa mipya, ambako kuna nafasi ya mteremko. Mji wa kale umo kwenye urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2001, kwa hiyo ukitaka kugusa mlango au ukuta wa nje, pita kwanza ofisi ya Makumbusho ya Taifa iliyoko mjini. Watu wa huko si adui; ukieleza shida mara nyingi watakuonyesha fundi anayejua kazi.

Malindi mambo ni mepesi. Nyumba nyingi ni za chini, kiwanja kipo, na mteremko wa simenti huishia penye tuktuk. Tafuta dereva mmoja wa tuktuk awe wako wa kila siku kwa bei mliyokubaliana kwa mwezi. Bodaboda iache.

Ukishapata choo na mlango, gawaneni kazi za nyumbani. Mtu anayeweza kukuna nazi akiwa ameketi akune. Anayeweza kuhesabu matumizi ahesabu. Wema wa kumfanyia mtu kila kitu humnyima mazoezi ambayo kesho atayahitaji kazini.

Hatua ya 5: Nani anashika simu

Fupi, lakini usiiruke. Anayejua namba ya siri ya M-Pesa ndiye mwenye pensheni. Kama mikono au macho yako yanahitaji msaidizi, chagua mmoja, na arafa za benki ziende kwenye simu mbili. Kiinua mgongo kikiingia, usikiguse kwa miezi mitatu ya mwanzo zaidi ya choo na nguzo. Utaletewa boti ya ubia, na utaletewa kiwanja Hindi au Mokowe "karibu kabisa na bandari". Tangu gati la kwanza la LAPSSET, mradi wa bandari mpya ya Lamu, lifunguliwe Mei 2021, viwanja visivyo na hati vimeuzwa mara mbili, mara tatu. Usilipe kabla hujafanya upekuzi kwenye ofisi ya ardhi.

Hatua ya 6: Kazi

Anza kwa kuutoa ujuzi wako kwenye gwanda. Mwajiri wa Lamu akisoma "koplo, miaka 14" anaona bunduki. Mwandikie ulichokuwa ukifanya kila siku. Uliendesha stoo ya kombania nzima, ukapokea, ukahesabu, ukatia sahihi bila upungufu: wewe ni mtunza stoo, na kila hoteli kubwa ya Malindi, kila ghala la samaki na kila mkandarasi wa barabara anamhitaji. Ulikuwa mtu wa mawasiliano ya redio: unaweza kukaa chumba cha mawasiliano cha bandari, cha shirika la uhifadhi au cha gari la wagonjwa, kazi ya kuketi na ya sikio moja zima. Ulikuwa mpishi, fundi wa magari, karani wa mishahara, msaidizi wa daktari. Huhitaji kutaja kikosi kilikuwa wapi wala kilifanya nini. Mambo hayo bado yana kiapo. Taja kazi, idadi ya watu uliowasimamia, na vifaa ulivyovishika.

Ujuzi bila karatasi ya kiraia hukwama. Mtihani wa ufundi wa NITA, mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwandani, una gredi tatu, na fundi wa jeshi aliyezoea injini haoni taabu kuufanya. Upo pia utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa, ambapo unapimwa kwa unachoweza kufanya na kupewa cheti bila kuanza chuo upya. Aliyekuwa Jeshi la Wanamaji aende kwa Mamlaka ya Bahari ya Kenya akaulizie leseni ya unahodha wa vyombo vidogo, na kama mwili haumruhusu kuongoza boti, afikirie ukaguzi, ukatishaji tiketi au ufundishaji. Anayetaka ufundi mpya kabisa anaweza kuulizia vyuo vya marekebisho ya ufundi vya serikali kwa watu wenye ulemavu. Kilichoko ukanda huu ni Bura, Taita Taveta.

Sheria iko upande wako, ila itumie kwa adabu. Sheria ya Ajira ya 2007 inakataza kumbagua mtu kwa ulemavu. Sheria mpya ya Watu Wenye Ulemavu, iliyotiwa sahihi Mei 2025, inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi atenge asilimia 5 ya nafasi kwa watu wenye ulemavu. Kwa hiyo usijifiche. Kwenye barua ya maombi kwa Bodi ya Utumishi wa Umma ya Kaunti, andika nambari ya kadi yako ya Baraza. Wengi huona haya, halafu nafasi iliyotengwa hujazwa na mtu mwingine kwa kisingizio kwamba hakuna aliyeomba.

Kwenye usaili, usingoje waulize "Utaweza?" Eleza mwenyewe unachohitaji, kwa vitu na si kwa hisia: meza chini badala ya ghorofani, kiti chenye mgongo, ruhusa ya kuvua mguu dakika chache mchana, saa ya kuingia inayofuata boti ya Mokowe. Mwajiri anaogopa gharama asizozijua. Akishazisikia, mara nyingi hucheka kwa ahueni, maana ni vitu vya elfu chache. Omba wiki ya majaribio, na iandikwe.

Na lile lango? Ukilitaka kweli, lichukue kwa masharti: chumba cha kamera au dawati la kuandikisha wageni, zamu ya mchana, kiti. Uzoefu wako unaotakiwa hapo ni jicho la kuona kisicho sawa, na jicho halihitaji kusimama.

Anayependa kujitegemea kibiashara aandikishe jina la biashara, kisha ajisajili kwenye mpango wa AGPO, ulioanza 2013, unaotenga asilimia 30 ya zabuni za serikali kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Usajili ni bure. Anayekudai ada ni dalali. Lakini tahadhari: serikali hulipa, ila huchelewa. Usichukue zabuni kwa mkopo wa riba ukitegemea hundi ya Juni. Anza na kile kinacholipa siku hiyo hiyo: barafu kwa wavuvi, ukarabati wa mashine za boti ukiwa umeketi kwenye banda la diko, ushonaji wa matanga na maturubai. Malindi kuna wachongaji waliojikusanya katika ushirika, na kazi ya kuchonga hufanywa kwa kuketi. Vyombo vya kuanzia viombe Mfuko wa Taifa wa Walemavu kabla hujavinunua.

Hatua ya 7: Kabla ya mshahara wa kwanza

Omba cheti cha msamaha wa kodi mara tu upatapo kadi, si baada ya kuajiriwa. Utahitaji PIN ya KRA, ripoti ya tathmini ya hospitali, kadi ya Baraza, na marejesho yako ya kodi yasiwe na deni la miaka ya nyuma, hata yale ya sifuri uliyosahau kuyatuma ukiwa wodini. Ombi hupita kwa Baraza kisha KRA. Cheti kikitoka, mpe mtu wa mishahara nakala na umwombe sahihi ya kupokea, kisha kagua karatasi ya mshahara wa mwezi huo huo. Wakiwa wameshakukata, kodi iliyozidi hudaiwa kwenye marejesho ya mwaka, ambayo mwisho wake ni Juni 30. Angalia kama cheti hicho kina tarehe ya kuisha. Kama inayo, iandike kwenye kalenda ya ukutani na uanze kukihuisha miezi michache kabla, kwa sababu jopo la hospitali, kama nilivyosema, halikai kila siku.